Kidonda kimepona, maumivu yamebaki



Katika mazungumzo yetu na familia zilizohama vita huku Kivu, kuna jambo linalorudi mara kwa mara. Mtu aliumia mgongo akikimbia usiku, au alipigwa kitako cha bunduki begani. Kidonda kimefunga, lakini misuli bado inamuuma. Siku ya salongo anakaa pembeni, na majirani wanaanza kunung'unika: huyu ni mvivu, anajifanya mgonjwa. Tumeona ugomvi kwenye bomba la maji ukianzia hapo.

Tuelewe kwanza hivi. Misuli iliyoumia, kwa kawaida, hupona katika majuma machache. Maumivu yakipita miezi 3, mara nyingi si kwamba jeraha linaoza ndani. Ni mishipa ya fahamu iliyobaki nyepesi kushtuka, kama mbwa ambaye wezi wakishakuja hubwekea hata wenyeji. Maumivu hayo ni ya kweli. Hofu, majonzi na kukosa usingizi huyazidisha.

Je, mgonjwa alale mpaka yaishe? Hapana. Msuli usiotumika hukonda na kukakamaa. Lakini kufanya kazi ya siku 3 kwa siku moja, kisha kulala siku 4, nako ni kubaya, na hayo tunayaona sana kwa akina mama. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20! Heri kuchota lita 5 kwa kila mkono na kurudi tena. Anayeweza kutembea dakika 10 bila kuumia zaidi kesho yake, aanze na dakika 7 kila siku, hata siku anayojisikia vizuri, halafu aongeze dakika 1 au 2 kila juma.

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikikaa dakika 15, hulegeza msuli. Kisiwekwe penye ganzi, maana ngozi itaungua bila mtu kujua. Kuchanjwa kwa wembe tunaomba muache: wembe mmoja ukipita kwa watu wawili unaweza kuleta UKIMWI na homa ya ini.

Juu ya vidonge: paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku. Diclofenac na ibuprofen za sokoni, zikinywewa miezi na miezi, huumiza tumbo na figo. Mama mjamzito asizinywe bila kuuliza muganga.

Ninyi viongozi, salongo ina kazi nyingi. Mwenye mgongo mbovu anaweza kuandika majina au kusimamia zamu za maji. Mwacheni achague mwenyewe, kisha mtangaze mbele ya wote kwamba hiyo ndiyo sehemu yake ya kazi. Manung'uniko hupungua watu wakimwona anafanya kitu.

Lakini mguu ukilegea au kufa ganzi, mkojo ukizuia au kutoka wenyewe, au uvimbe ukiwa na joto pamoja na homa, msingoje mazoezi: mgonjwa afike kituo cha afya siku ile ile, hata kama ni lazima majirani wachange nauli. Anayeumwa mgongo huku anakonda na kutoka jasho usiku, naye apimwe kifua kikuu, kwani ugonjwa huo hushika hata mifupa.