Mdogo Wangu, Anzia Jikoni Kabla ya Kuandika Dodoso

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unakwenda Karagwe na Kyerwa kupima wanachokula kina mama, na umeshaandaa dodoso la kurasa kumi na moja. Nakuomba kwa upendo, liweke kando kwanza. Mama aliyetoka shambani kuchuma kahawa, mtoto mgongoni, maharage jikoni, hana saa nzima ya kukupa. Akichoka atakujibu ilimradi uondoke, na majibu hayo ndiyo utakayoyaandikia ripoti.

Dodoso fupi linawezekana. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana kipimo cha wanawake wa miaka 15 hadi 49: vyakula vimegawanywa katika makundi 10, nawe unaangalia ni wangapi walikula angalau makundi 5 jana, mchana na usiku. Lipo pia dodoso la maswali 29 ya ndiyo au hapana, linalokwisha kwa dakika kama tano. Ila ufupi huo una jasho nyuma yake: kuna watu walikaa wakajua kwanza kila mahali wanakula nini, na wanakiitaje.

Chukua ndizi. Ukimuuliza mama wa Kayanga au Nkwenda, “Jana ulikula matunda?”, anaweza kusema ndiyo, kumbe anakusudia ndizi za kupika. Hizo zinahesabiwa pamoja na ugali, viazi na mihogo. Ndizi mbivu ndiyo tunda. Pombe ya rubisi haiongezi kundi lolote, ingawa imetokana na ndizi. Kwa hiyo tenganisha: “Jana ulikula ndizi za kupikwa?” Halafu, mbali na hapo, “Jana ulikula ndizi mbivu, nanasi au parachichi?” Papai bivu na embe bivu vipe swali lake, kwa kuwa viko kwenye kundi la vitamini A.

Akikwambia alikula katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na vitu vingine, usiandike “katogo” ukapita. Muulize kiliingia nini sufuriani. Ndizi na maharage ni makundi mawili tayari. Karanga zikiwemo, ni matatu. Dagaa wachache waliotiwa kwa ajili ya ladha tu, chini ya gramu 15, kama kijiko kimoja cha chakula, usiwahesabu.

Angalia na majira. Novemba senene wakianguka, sahani hubadilika. Ukipima Novemba mwaka huu na Julai mwaka ujao, utadhani lishe imeporomoka, kumbe msimu umepita. Gawanya pia mahojiano kati ya siku za gulio na siku nyingine.

Kisha jaribu dodoso lako. Nenda Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, omba kina mama watano au sita wakae nawe. Wasomee kila swali, wakueleze kwa maneno yao wameelewa nini. Wahojaji wako wakubaliane mapema maneno ya Kinyambo, kila mmoja asije akatafsiri kivyake. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi 2012, lakini jaribu pande zote mbili.

La mwisho nalishika kwa mikono miwili: heshima. Nilipoanza kazi hii nilimuuliza mama mmoja, “Mama, huwa mnakula mlo kamili?” Akanijibu sawasawa na alivyofundishwa kliniki. Nilipomwomba anisimulie ya jana, tangu alipoamka, aliinamisha macho akasema, “Ndizi na chumvi.” Nikaelewa kwamba swali langu la kwanza lilimlazimisha kujificha. Uliza ya jana, uliza kwa sauti ileile hata jibu likiwa zito, wala usimwambie amefaulu au amefeli. Siku moja haitoshi kumpima mtu mmoja. Kipimo hiki kinaeleza hali ya kundi zima la wanawake.

Punguza kurasa, pika katogo na wenyeji, kisha niandikie tena. Nitalisoma dodoso lako swali kwa swali.

Dada yako.