SOMO: VYOMBO VYA KIJANI MAKABURINI

Hapa Shirimatunda, na huko migombani mlimani, tumezoea kuona kaburi karibu na nyumba, limejengwa kwa saruji na kupambwa kwa vigae vinavyong'aa. Kuweka kitu king'aacho kaburini ni desturi ya kale sana. Tuitazame mahali pawili.

1. CHINA
Huko Longquan, katika jimbo la Zhejiang, wafinyanzi walitengeneza vyombo vya udongo mgumu, vimepakwa rangi ya kijani ing'aayo kama kioo. Ukijani huo hutokana na chuma kidogo kilichomo katika rangi, chombo kinapochomwa kwa moto mkali katika tanuri iliyonyimwa hewa. Zamani za wafalme wa Song (960–1279) walifinyanga pia mitungi ya maziko, yenye vifuniko, mara nyingi miwili miwili: mmoja umezungukwa na joka, wa pili na chui-milia. Ilifukiwa pamoja na marehemu.

2. PWANI YETU
Bakuli na sahani za China zilifika pwani kwa majahazi ya pepo za kaskazi. Hizi zilikuwa za mezani, si za maziko. Lakini huko Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi karibu na Dar es Salaam, na Mambrui karibu na Malindi, Waislamu wa kale walijenga makaburi yenye nguzo za matumbawe na chokaa, wakapachika vyombo hivyo kwa nje, vingine vya kijani, vingine vyeupe na bluu.

3. TUJIFUNZE NINI?
Mitungi ya China ilikuwa ya marehemu. Bakuli za pwani zilikuwa za macho ya walio hai, kutangaza heshima ya ukoo. Hata hivyo, mitungi mingi imechimbuliwa na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Na penye bakuli nyingi pamebaki mashimo ya mviringo tu, maana zimebanduliwa. Marehemu hakubaki na chombo. Basi, tuwaheshimu wafu wetu na makaburi ya wenzetu, lakini tusisahau waliobaki hai.

MASWALI YA KUJADILI
(a) Tunapopamba kaburi, twampambia marehemu au watazamaji?
(b) Fedha ya vigae na ada ya shule ya yatima zikitakiwa pamoja, ukoo utangulize lipi?
(c) Mtu akikuletea bakuli iliyobanduliwa kaburini ununue, utamjibuje?