Barua ya Mfungwa Isilazwe

Mara nyingi twadhani ya kuwa mtu aliyefungwa amepoteza haki zote. Sivyo. Hakimu aweza kumwondolea uhuru wa kwenda na kurudi. Utu wake hawezi kumwondolea, maana alipewa na Mungu Muumba wake. Basi mfungwa akipigwa bure, au akinyimwa dawa naye ni mgonjwa, anayo haki ya kudai. Lakini madai yana siku zake, nazo zikipita mlango hufungwa. Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa Marekani, ambako limebishaniwa sana mahakamani.

Huko, sheria ya mwaka 1871 humruhusu mtu, hata mfungwa, kuwashitaki wenye mamlaka ya jimbo waliomvunjia haki zake. Sheria hiyo haikutaja muda. Kwa hiyo mahakama hufuata muda ambao kila jimbo limeuweka kwa madai ya majeraha: Tennessee mwaka 1, California miaka 2, New York miaka 3. Tena, tangu mwaka 1996 mfungwa hana budi kulalamika kwanza kwa wakuu wa gereza, na huko siku huwa chache mno. Katika shauri moja la California lililoamuliwa mwaka 2006, zilikuwa siku 15 za kazi tu. Mfungwa aliyezipitisha alikuta na mlango wa mahakama umefungwa.

Fikirini, wasomaji wetu. Mtu huru akiona siku ya mwisho inakaribia, huenda mwenyewe kwa karani, akaona karatasi yake ikipigwa muhuri. Mfungwa afanyeje? Humkabidhi askari barua yake, na pengine anayeshitakiwa ni rafiki wa askari huyo huyo.

Jambo hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988. Mfungwa mmoja wa Tennessee alikuwa na siku 30 za kukata rufani. Siku ya 27 aliitia karatasi yake mikononi mwa wakuu wa gereza; karani akaipiga muhuri siku ya 31. Imechelewa siku moja! Majaji watano kati ya tisa waliamua ya kuwa siku ya mfungwa ihesabiwe tangu alipoikabidhi barua gerezani. Baadaye mahakama nyingi za huko ziliitumia kanuni hiyo hata kwa madai ya haki za wafungwa.

Twauona uamuzi huo kuwa wa haki. Haukumpendelea mvivu, kwa kuwa muda ulibaki ule ule. Ulikataa tu kumwadhibu mtu kwa ucheleweshaji wa mwingine.

Hapa Tanzania pia, sheria humruhusu mfungwa kumkabidhi mkuu wa gereza rufani yake ili aipeleke mahakamani. Basi yatupasa kujifunza. Kuwatembelea wafungwa ni tendo la huruma. Tuwapelekeapo sabuni na sukari, tuwaulize pia: Ulihukumiwa tarehe gani? Siku yako ya mwisho ni lini? Nawe askari au karani uliye Mkristo, kumbuka ya kuwa Sheria ya Musa ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa bwana wake hata asubuhi. Barua ya mfungwa nayo isilale mezani pako.