Lugha ya Ukuta na Lugha ya Maji: Ziara ya Kimasomo Kisauni na Likoni

Utangulizi

Mgeni afikapo Mombasa huonyeshwa mambo mawili makuu: majengo ya kale ya mawe na fuo za bahari. Asubuhi hupelekwa Ngome ya Yesu au magofu ya Gede. Alasiri hurejeshwa Nyali, Bamburi au Shanzu akacheze majini. Maelezo mengi ya ziara hiyo hutolewa kwa lugha za kigeni, na Kiswahili hubakiwa na kazi ya kusalimu tu. Hata salamu yenyewe hukatwa: mgeni hufunzwa "Jambo", ilhali wenyeji huulizana "Hujambo?" au "Wambaje?" Makala haya yanadai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayeizuru pwani hii kama mtalii hupoteza darasa kubwa, kwa kuwa ukuta na maji vina msamiati wake, na wenye msamiati huo bado wapo.

Majina kama maandishi ya kale

Somo la kwanza limo katika majina ya mahali. Likoni linatokana na liko, yaani mahali pa kupandia na kushukia chombo. Jina lenyewe linaeleza kazi ya mahali hapo tangu kabla ya feri. Ng'ambo yake ni Kilindini, penye kilindi, na ndipo ilipojengwa bandari ya meli kubwa. Mkomani, upande wa Kisauni, linaukumbuka mkoma, mti wa jamii ya mitende. Kengeleni nalo linatokana na kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Changamwe ni jina la mojawapo ya mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Thenashara Taifa; Mtwapa pia limo katika orodha hiyo.

Aidha, katika Mji wa Kale iko barabara iitwayo Ndia Kuu. Msomaji wa Kiswahili sanifu huenda akadhani kuna kosa la chapa. La hasha! Katika Kimvita, njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, kichwa ni kitwa, na mchanga wa ufuoni ni mtanga. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Hivyo basi, Kimvita kilipoteza nafasi hiyo katika mji wake chenyewe, lakini jina la barabara lilibaki kuwa shahidi. Ikumbukwe pia kuwa Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliikusanya sehemu kubwa ya maneno ya kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882, katika eneo hili hili.

Lugha ya ukuta

Mwanafunzi akitoka Kisauni kuelekea kaskazini na kuvuka daraja la Mtwapa, atafika Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 na 15 yaliyo kando ya bahari. Akiendelea hadi karibu na Watamu, ataukuta mji wa Gede, uliozungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Mji huo ulihamwa kufikia karne ya 17, ukaanza kuchimbuliwa rasmi mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nyumba za aina hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kurefushwa, chumba kiliweza kurefuka lakini hakikuweza kupanuka. Mlangoni mlikuwa na daka, ukutani vidaka vya kuwekea vyombo, na katikati kiwanda. Neno hili la mwisho lina funzo kubwa la semantiki. Kwa wengi leo, kiwanda ni mahali pa mitambo. Katika lugha ya nyumba ya mawe, kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa. Mwanafunzi asiyelijua hili atasoma maelezo ya nyumba ya kale na kujiuliza mitambo ilikuwa ya nini.

Lugha ya maji

Fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu zinalindwa na mwamba unaokwenda sambamba na ufuo. Mawimbi huvunjika hapo, na maji ya ndani hutulia. Ndiyo sababu michezo ya majini imestawi, na ndiyo sababu sehemu ya bahari hiyo ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1986. Anayetaka kupiga mbizi au kupanda boti ya kioo sharti ajue maji kujaa na maji kupwa. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana; kati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Upepo nao una majira: kaskazi katika miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili, bahari inapochafuka.

Maneno haya hayakubuniwa kwa ajili ya watalii. Ni elimu ya wavuvi, na kosa moja katika elimu hiyo laweza kumgharimu mtu maisha. Hata hivyo, kijana anayefundisha wageni kuendesha ubao wa tanga hutumia istilahi za kigeni tupu. Kwa mfano, kukiendesha chombo pembepembe dhidi ya upepo, nahodha wa dau hukuita kubisha. Neno lipo, fupi na kamili. Limekosa kuulizwa tu. Vivyo hivyo tanga na mlingoti ni maneno yanayofaa kuufundishia mchezo huo.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) alionyesha njia. Katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alihifadhi istilahi za uundaji wa jahazi. Katika kuunda istilahi mpya, alishikilia kuwa lahaja zichunguzwe kwanza kabla ya kukopa nje. Anayekopa bila kuuliza huacha mali yake chumbani akaenda kuazima kwa jirani.

Hitimisho

Magofu yana walinzi na sheria; maneno hayana. Nahodha mzee wa Mtongwe akifa bila kuulizwa, hakuna Kirkman atakayeyachimbua maneno yake. Kwa hiyo, kila chama cha wanafunzi kinachopanga ziara ya pwani kinashauriwa kuwapa wanachama wake kazi zifuatazo:

1. Kusanya istilahi ishirini za chombo cha baharini kutoka kwa nahodha au fundi, na uzilinganishe na zilizomo katika kamusi sanifu.
2. Eleza asili ya majina matano ya mitaa ya Kisauni, Likoni na Changamwe kwa mujibu wa wazee wa mitaa hiyo.
3. Andika maelezo ya ukurasa mmoja ya nyumba moja ya mawe, kwa Kiswahili kitupu, yatakayoweza kusomwa na mwenyeji na mgeni.