Njia ya Akiba Ikikataa: Kwa Nini Tunazima Mitambo Yetu Makusudi

Saa kumi jioni, soko la Kakamega. Mawingu yashatanda na kila mtu ana haraka ya kufika stendi kabla mvua haijashika. Mteja amechukua mboga na nyanya za shilingi 350, ameweka pini, lakini simu inazunguka tu.

"Mama, nishatuma."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Kwangu haijaingia."

Dakika hiyo moja ni ndefu sana. Mama akiachilia mboga na pesa zisije, faida ya siku imeenda. Mteja akituma mara ya pili na zote mbili ziingie, nauli ya kurudi Shinyalu imeisha. Leo tueleze ni nini hutokea huko nyuma ya simu, jinsi mafundi wanavyojaribu kuzuia dakika kama hiyo, na wewe ufanye nini ikikupata.

Lango ni nini?

Ombi lako la malipo halirukii moja kwa moja kwenye simu ya mama. Linatoka kwa simu yako hadi kwenye mnara, linasafiri hadi kituo cha data, na kabla ya kufikia seva zinazoshika salio lako linapita kwenye mtambo uitwao ruta. Ruta hii ndiyo lango. Lango likifungwa, seva zinaweza kuwa nzima kabisa, lakini hakuna anayeingia wala kutoka.

Kwa hivyo huwekwa malango mawili. Moja linafanya kazi, la pili liko macho likisubiri. Yote mawili hutumia anwani moja ya pamoja, ndiyo maana mitambo mingine haihitaji kujua ni lipi liko zamu. Utaratibu mmoja unaotumika sana huitwa VRRP. Katika mpangilio wake wa kawaida, ruta iliyo zamu hutoa ishara kila sekunde moja, kana kwamba inasema, "Niko hapa." Ya pili ikikaa kati ya sekunde tatu na nne bila kusikia kitu, inajua mwenzake ameanguka na inashika kazi.

Kwenye karatasi, mambo ni safi. Shida ni kwamba karatasi haijawahi kunyeshewa.

Akiba isiyojaribiwa si akiba

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Nairobi ulikuwa na jenereta za akiba, lakini jenereta ya sehemu fulani ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Abiria walikaa gizani. Jenereta ilikuwepo. Ila saa ilipofika, haikuwaka.

Ruta ya pili ni vivyo hivyo. Taa zake za kijani zinaweza kuwaka mwaka mzima, na siku ya kuitwa ikashindwa. Njia pekee ya kujua ni kuiangusha ile ya kwanza makusudi, wakati mafundi wako macho na wamejiandaa, badala ya kungoja radi ichague saa.

Jaribio hufanywaje?

1. Linganisha mipangilio. Huenda fundi aliongeza sheria mpya ya ulinzi kwenye ruta ya kwanza miezi mitatu iliyopita, akasahau ya pili. Siku ya kubadilishana, malipo yanafika langoni na kuambiwa hayatambuliki.

2. Chagua saa na utangaze. Usiku wa manane wateja ni wachache. Ndiyo sababu meseji za matengenezo hutaja saa ambazo wengi wamelala. Njia ya kurudisha mambo yalivyokuwa huandikwa kabla ya kugusa kitu chochote.

3. Anza kuhesabu kabla ya kuzima. Ishara ndogo hutumwa kila sekunde kupitia lango, na kando yake hufanywa malipo ya kweli ya shilingi chache. Ishara zikipita lakini malipo yakwame, jaribio limeshindwa. Mama wa sokoni hauzi ishara.

4. Chomoa stima ya ruta ya kwanza. Usiizime polepole kwa amri ya heshima. Hitilafu haibishi hodi. Hesabu ni sekunde ngapi zimepotea kabla ya ya pili kushika kazi.

5. Acha ruta iwake, kata kebo ya nje tu. Hapa ndipo wengi hunaswa. Ruta ni nzima na bado inasema "Niko hapa," lakini barabara iliyo mbele yake imekatika. Ya pili inasikia sauti ya mwenzake na kutulia. Malipo yote yanaingia kwenye lango lisilo na njia. Dawa yake ni kuiambia ruta iliyo zamu iangalie pia barabara ya nje, ikifa ijishushe na kumwachia mwenzake.

6. Rudisha ya kwanza, uangalie tena. Ruta iliyoamka inaweza kunyakua kazi kabla haijajifunza njia zote, na huduma ikapotea mara ya pili. Mara nyingi inafaa kuiwekea muda wa kusubiri kwanza.

7. Piga hesabu ya mzigo. Kama malango mawili yanagawana kazi na kila moja limebeba asilimia 60 ya uwezo wake, moja likianguka linalobaki linaitiwa asilimia 120. Jaribio la saa nane usiku haliwezi kukuonyesha hilo. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, utaliona.

Majina mawili, njia moja

Kuna mtego mwingine. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Kenya, Tanzania na nchi za jirani. Kebo zilikuwa mbili, kila moja na jina lake, lakini zilipita sehemu moja ya bahari na zikakatika siku moja.

Kwa hivyo kabla ya kuhesabu una akiba ngapi, uliza zinakutana wapi. Ruta mbili zilizochomekwa kwenye soketi moja ya stima ni kama ruta moja. Faiba mbili ndani ya mtaro mmoja zitakatwa na tingatinga moja.

Wewe mteja ufanye nini?

Simu ikinyamaza katikati ya malipo, kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda ombi lako lilipotea kabla ya kufika kwenye seva, na pesa hazijasonga. Au huenda lilifika, pesa zikasonga, na ni jibu tu lililokwama njiani. Kwa macho yako, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Kunyamaza kwa simu hakukuambii ni ipi.

Basi:

- Usitume tena kwanza. Angalia salio au taarifa ya akaunti. Kama pesa zimetoka, subiri meseji. Kama salio halijabadilika, ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo urudie.
- Muuzaji, amini salio lako. Usitegemee meseji uliyoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Matapeli hupenda saa ambayo mtandao unasumbua, kwa sababu kila mtu ana kisingizio.
- Usimpe mtu pini kwa sababu eti anakusaidia "kufungua" malipo yaliyokwama. Hakuna malipo yanayofunguliwa kwa pini yako mikononi mwa mtu mwingine.

Na kama una biashara, fanya jaribio lako mwenyewe wiki hii, saa ambayo wateja ni wachache. Zima laini unayopokelea malipo. Je, laini ya akiba imesajiliwa? Pini yake unaikumbuka? Namba yake imebandikwa mahali mteja anaiona? Inatumia kampuni nyingine, ama zote mbili ni za kampuni moja na zitapotea pamoja? Omba jirani akutumie shilingi 10 uone kama itaingia. Kisha zima taa za duka uone kama betri ya ruta yako inashika, na kwa muda gani.

Ukipata kasoro, usijilaumu. Umeipata siku ya kiangazi, duka likiwa halina foleni. Ile meseji yetu ya matengenezo ya usiku nayo ina maana hiyo hiyo: tunatafuta kasoro zetu wakati umelala, ili jioni sokoni mama aseme tu, "Imeingia, mwanangu. Karibu tena."