KOPE ZIKIZEEKA: SINDANO AO KISU?



Mwanamke akipita miaka 40 anaweza kujitazama katika kioo na kuona ya kwamba macho yake yamebadilika. Mikunjo iko kando, mifuko imetokea chini, kope ya juu imelegea. Siku hizi watu wanatangaza dawa ya jambo hili mjini na hata katika telefone. Mmoja anasema: «Ni sindano moja tu.» Mwingine anasema: «Upasuliwe, utakuwa kijana tena.» Mama anaanza kuhesabu pesa za masomo ya watoto. Mbele ya kutoa hata franka moja, tujifunze pamoja.

1. Sababu gani macho yanazeeka mbele?

Ngozi ya kope ni nyembamba kupita ngozi yote ya mwili. Ndani yake mna nyuzi zinazoikaza, sawa kamba zinavyokaza ngozi ya ngoma. Mwaka kwa mwaka nyuzi hizi zinapunguka na ngozi inalegea. Jua kali na moshi wa tumbako vinaziharibu mbio zaidi.

Kuzunguka jicho mna mafuta yanayolilinda kama mto wa kulalia. Ukuta unaoshika mafuta haya ukilegea, yanasukumwa mbele: ndiyo mifuko. Kwa wengine nyama ya shavu inashuka, na shimo linabaki chini ya jicho.

Haya si ugonjwa. Hayaui, hayaambukizi. Mama anayeyaacha vile hakosi kitu.

2. Uliza kwanza: ni uzee kweli?

Hapa ndipo wamama wengi wanaweza kudanganyika. Angalia mambo haya:

— Mama mwenye mimba ya miezi mitano na zaidi, uso na kope zimevimba, kichwa kinamuuma sana ao anaona nyota-nyota: tansio yake inaweza kuwa imepanda. Ni hatari ya kifo kwake na kwa mtoto. Aende hospitali siku ile ile, hata usiku. Hatari hii inaweza kuja hata katika wiki za kwanza nyuma ya kuzaa.

— Mtu, mkubwa ao mtoto, ambaye kope zinavimba kila asubuhi: figo zinaweza kuwa zinagonjwa. Mtoto aliyevimba uso na miguu anaweza kuwa amekosa chakula cha kujenga mwili. Mlete apimwe.

— Kope moja imeanguka kwa gafula, ao mdomo umepinda, ao mkono umekosa nguvu: usingoje kesho. Ni mambo ya ubongo na mishipa.

— Koko ambaye nywele za kope zimegeuka ndani na zinakwaruza jicho: zikiachwa zinaweza kuleta upofu. Upasuaji mdogo unaweza kumsaidia.

Kwa mambo haya, sindano ya urembo haisaidii kitu. Inapoteza siku, na siku ni uzima.

3. Sindano inafanya nini?

Munganga anaingiza chini ya ngozi kitu kinachofanana na utomvu mzito. Kinajaza shimo, basi kivuli cha chini ya jicho kinapunguka. Hakikazi ngozi iliyolegea, na hakiondoi mifuko. Tena ukikitia juu ya mifuko, mifuko inaonekana mikubwa zaidi. Utomvu unaotumiwa sana unayeyuka polepole wenyewe, kisha miezi mingi ao mwaka na zaidi. Mwenye kuutaka tena atalipa tena.

Hatari yake kubwa ni hii: mishipa ya damu ya uso imeungana na mishipa ya jicho. Utomvu ukiingia katika mshipa, unaweza kufunga damu ya jicho, na mtu anapofuka kwa dakika chache. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, ni shida sana kurudisha mwangaza wa jicho. Alama zake ni maumivu makali, ngozi kugeuka nyeupe ao rangi ya marumaru, na jicho kuacha kuona. Munganga wa kweli ana dawa ya kuyeyusha utomvu ule karibu na mkono wake. Mtu wa saluni hana.

Wengine wanapiga silikoni ya maji-maji ao mafuta. Hivi haviyeyuki. Vinaleta vivimbe na vidonda hata kisha miaka mingi. Kataa kabisa.

4. Upasuaji unafanya nini?

Munganga anakata ngozi iliyozidi, na mara nyingine anapunguza ao kupanga mafuta ya mifuko. Mara nyingi anatia ganzi pale pale, mgonjwa halali. Uvimbe na weusi wa damu unakaa wiki moja ao mbili. Matunda yake yanakaa miaka mingi, lakini uzee hausimami.

Upasuaji nao una hatari: damu kuvuja nyuma ya jicho, uchafu kuingia katika kidonda, jicho kukauka. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungiki tena vizuri, hata usingizini. Ngozi iliyokatwa hairudishwi kwa urahisi.

5. Namna ya kuchagua

Shimo tu, na ngozi ingali imekaza: ni kazi ya sindano. Ngozi iliyozidi ao mifuko: ni kazi ya kisu. Weusi wa rangi ya ngozi yenyewe: wala sindano wala kisu.

Kope ya juu ikishuka mpaka inafunika mboni, na mtu anainua kichwa ili aone njia, hiyo si urembo tena. Aende kwa munganga wa macho. Kupasuliwa kunaweza kumrudishia kazi yake.

Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha angoje. Mwenye ugonjwa wa sukari, tansio, ao anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mbele.

Uliza mafundi wote: Umejifunza wapi? Ni dawa gani, na kopo yake iko wapi? Jicho likiharibika utafanya nini? Asiyejibu, mwache.

6. Ile isiyo na bei kubwa

Vaa kofia ao kitambaa juani. Acha tumbako. Usipake karibu na macho mafuta ya kung'arisha ngozi: mengine yana dawa kali inayopunguza ngozi, na ikiingia machoni siku nyingi inaleta mtoto wa jicho na kuua mshipa wa kuonea. Mengine yana zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto tumboni.

Mama, mikunjo inaweza kungoja mwaka mzima bila hasara. Tansio ya mimba haingoji hata siku moja.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kope zimevimba wakati wa mimba: unafanya nini?
2. Sababu gani sindano haiondoi mifuko?
3. Ni alama gani zinaonyesha ya kwamba sindano imefunga damu?
4. Ni nani katika jamaa yako anainua kichwa ili aone? Utamleta lini?