Mahindi ya Mpakani: Tuyapime kwa Hadithi Ipi?



Ndugu msomaji, Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, ndani ya mwezi wa Rajab, mjomba wangu alikuwa na magunia 100 ya mahindi kwenye Fuso mjini Busia, upande wa Uganda. Mimi nilikuwa bado sekondari, na kwa sababu ya korona darasa letu lilikuwa halijarudishwa shule, kwa hiyo nilimfuata mjomba kila alipokwenda. Siku hiyo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua: mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingie nchini, kwa kuwa vipimo vimeonyesha sumukuvu, yaani aflatoksini, kupita kiwango cha salama. Jumamosi asubuhi mnunuzi wa mjomba kutoka ng'ambo hakupokea simu. Jumapili simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Tarehe 10 Machi Kenya ililegeza. Mahindi yangeingia, ila kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, na kuwe na cheti cha mahali mahindi yalikotoka. Siku tano tu, mtu atasema. Lakini mfanyabiashara wa Fuso moja hana maabara mfukoni. Mjomba aliuza kwa dalali, kwa bei ambayo mpaka leo haitaji mbele ya shangazi.

Nimelirudia tukio hili kwa sababu katika darsa zetu za jioni tumekuwa tukisoma fiqhi ya biashara, na kila nikifungua mlango wa bei na soko namwona mjomba amesimama kando ya lori. Swali langu ni moja. Tukitaka kulipima jambo hili kwa mizani ya dini, tunalipima kwa hadithi ipi?

Wengi wetu, hasa sisi wa upande wa Uganda, tunakimbilia kisa cha Thumama bin Uthal (r.a.). Alikuwa mkuu wa Banu Hanifa kule Yamama, bonde lililoilisha Makka nafaka. Alitekwa na wapanda farasi wa Waislamu, akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina, na siku ya tatu Mtume (s.a.w.) akaamuru aachiwe bila fidia. Akaenda akaoga, akarudi akasilimu. Kisha akaendelea na safari yake ya umra. Makureshi walipomkejeli kwa kubadili dini, aliapa kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano ya Yamama mpaka Mtume (s.a.w.) atoe ruhusa. Hayo yamo katika Bukhari na Muslim. Vitabu vya sira vinaongeza kwamba njaa ilipowabana, Makureshi walimwandikia Mtume (s.a.w.) wakimkumbusha udugu wa damu, naye akamwandikia Thumama awaachie chakula chao.

Kumbuka hao ni watu waliokuwa vitani naye, na kabla ya hapo waliwahi kuuzunguka ukoo wake kwa mgomo wa biashara katika bonde la Abu Talib kwa takriban miaka mitatu. Ndiyo maana kisa hiki kinatamu mdomoni mwetu: ikiwa adui hakunyimwa ngano, jirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki atafungiwaje lango kwa barua ya Ijumaa?

Nilipowasilisha hoja hiyo darasani nilidhani nimemaliza. Ustadhi wetu akaniuliza: illa yake ni ipi? Thumama alizuia chakula kuwabana watu. Kenya ilisema inazuia chakula kuwalinda watu. Tena Thumama alikuwa muuzaji, na Kenya ni mnunuzi. Kiasi kama hicho, akasema, wanavyuoni wanakiita kiasi chenye tofauti ndani yake, na hakisimami.

Basi nikalazimika kutafuta hadithi nyingine, na ile niliyoipata si ya kumfurahisha mtu wa Busia. Ameipokea Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha likafuata lile onyo zito tunalolijua sote kuhusu mwenye kughushi.

Hili ndilo suala la sumukuvu lenyewe, unyevu uliofichwa chini ya rundo. Sumu hii hutolewa na kuvu aina ya Aspergillus, inayoota juu ya nafaka iliyovunwa na kuwekwa ikiwa mbichi. Huioni kwa macho, haitoki kwa kupikwa, na ikila ini kwa miaka huleta saratani. Ikiwa nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, waliugua watu 317 na kufa 125, na chanzo kikuu kilikuwa mahindi ya kwao wenyewe yaliyohifadhiwa vibaya. Nchi iliyozika watu hivyo ina haki ya kuogopa. Kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na yanatangulizwa kabla ya mali.

Sasa angalia hali ya kwetu. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya kwanza, ya Juni na Julai, mara nyingi yanaangukia siku za mawingu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukipita barabara ya Tororo kwenda Busia msimu huo utaona mahindi yameanikwa juu ya udongo mtupu, kuku wanapita juu, mvua inakuja, yanazolewa mbiombio na kutiwa gunia. Dalali naye hana habari na unyevu, maana mahindi mabichi yanaongeza uzito.

Nilimuuliza mjomba, miaka baadaye, kama magunia yale yalikuwa makavu.

"Ya juu yalikuwa makavu, mpwa wangu," akaniambia.

Sikumuuliza tena. Ni mjomba, na yeye ndiye aliyenilipia karo.

Hata hivyo hadithi ya rundo haimpi mwenye lango ruhusa ya kufanya apendalo, na hapa naona ndugu zetu wa ng'ambo nao wana la kujibu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo moja, akamkemea mwenye rundo lile. Hakufunga soko zima, wala hakuyakataa mahindi ya Mbale kwa kosa la mahindi ya Iganga, tukisema kwa lugha yetu. Barua ya tarehe 5 Machi ilizitaja nchi mbili nzima. Masharti ya tarehe 10, kupima kila shehena, ndiyo yaliyotakiwa yawe ya kwanza, na yatangazwe mapema ili mtu ajiandae. Kanuni ya kutodhuru wala kulipizana madhara inataka dhara liondolewe kwa njia yenye dhara dogo zaidi. Juu ya hayo, tusijifanye hatujui kwamba wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu hulalamika kila mavuno kuwa mahindi yetu ya bei nafuu yanawaharibia soko. Malalamiko yao ni ya kweli, mbolea kwao ni ghali. Lakini afya ikitajwa siku ambayo bei ndiyo inayoumiza, anayepima nia ni Mwenyezi Mungu peke yake, sisi tunabaki kupima matendo.

Na matendo yamekuwa mengi. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa nchini Kenya. Machi 2023 Kenya ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Mwaka huohuo wa 2023 Sudan Kusini nayo ilizuia malori ya mahindi na unga wetu mpakani, sababu ikiwa ileile, sumukuvu. Yote haya wakati Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyotiwa saini 2004 na kuanza kazi Januari 2005, inazikataza nchi wanachama kuwekeana vikwazo visivyo vya ushuru. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 30, unamruhusu hata mtu wa kawaida kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, alimradi afungue kesi ndani ya miezi miwili. Sijaona mwenye Fuso aliyekwenda Arusha. Nauli tu ni gunia zima.

Turudi kwenye mzizi. Kwa nini siku tano zinaweza kumvunja mtu? Kwa sababu sehemu kubwa ya mahindi tunayolima hatuyalimi kwa ajili ya sahani zetu. Wazee wa Tororo na Busia walikula ugali wa wimbi na muhogo. Mahindi tunayalima kwa sababu upande wa pili kuna nchi inayokula ugali wa mahindi asubuhi na jioni na ambayo miaka mingi mavuno yake hayatoshi. Hao nao wanatutegemea. Lakini anayetegemea muuzaji anaweza kuagiza kwingine, kwa meli kupitia Mombasa, na mwenye mahindi yaliyoanza kuota kuvu ana wiki chache tu. Utegemezi upo pande mbili, ila mzigo wake hauko sawa. Na tusisahau mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na petroli ikaadimika Uganda bila mtu yeyote kuandika barua.

Suratul Quraysh inazungumza na watu wa aina yetu. Makka ilikuwa bonde lisilo na mazao, na maisha yake yalisimama juu ya misafara miwili, ya kusi na ya kaskazi tungesema sisi, mmoja kuelekea Yemen na mwingine Sham. Qur'ani haikuwalaumu kwa kutegemea njia za mbali. Iliihesabu ile ilafu, yaani mazoea na mapatano yaliyozifungua njia, kuwa ni neema, ikaitaja pamoja na chakula na amani, kisha ikawataka wamwabudu Mola wa Nyumba ile. Kwa hiyo wanaosema Uganda ijifungie isimuuzie mtu, mimi sioni dalili yao. Lakini Makureshi walikuwa na njia mbili. Thumama alipofunga ya Yamama, tuliona walivyoandika barua.

Na ipo Suratu Yusuf, ambayo naiona imesahauliwa kabisa katika mjadala huu. Ushauri wa Nabii Yusuf (a.s.) wakati wa shibe ulikuwa nafaka iachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Ni elimu ya kuhifadhi kabla ya kuwa elimu ya kuuza. Mwenye nafaka iliyohifadhika anaweza kungoja siku tano, hata miezi mitano. Usichanganye na ihtikari: iliyokatazwa ni kuficha chakula watu wakiwa na njaa ili bei ipande, na mkulima kuweka mavuno yake yakauke hakumo humo.

Kwa wanaorudi nyumbani likizo hii wakati wa mavuno, kuna kipimo kisichohitaji maabara. Chukua chupa kavu, tia chumvi iliyokauka vizuri, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka, yarudishe kwenye turubai. Haipimi sumu, inapima unyevu tu, lakini unyevu ndio mlango. Mjomba anayo chupa yake sasa, ya soda, ameiweka dirishani. Msimu uliopita aliitoa gunia la chini kabisa, akatikisa mbele ya mnunuzi, na chumvi ikanata. Wakakubaliana bei ya mahindi mabichi.